Annalena Tonelli: Huruma Iliyoanza na Debe la Maji

Tarehe 2 Aprili ni siku nzito kwetu sisi tunaofundisha katika kaunti ya Garissa. Siku hiyo, mwaka wa 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwabagua wahasiriwa wao kwa misingi ya dini. Ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba tarehe iyo hiyo, mwaka wa 1943, katika mji wa Forlì nchini Italia, alizaliwa mwanamke ambaye maisha yake yanawasuta wote wanaodai kwamba Mkristo na Mwislamu wa sehemu hizi hawawezi kukaa pamoja ila kwa kushukiana. Jina lake ni Annalena Tonelli.

Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa bara, na nimefundisha miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Vijana wa kanisa huniuliza mara kwa mara ni vipi waumini wachache kama sisi, tunaoishi katikati ya maelfu ya Waislamu, tunavyoweza kuwatendea majirani zetu huruma bila kuzusha tuhuma kwamba tunawawinda ili tuwabadilishe dini. Swali lao ni zito, na sikuona mahali pengine pa kulijibia isipokuwa katika maisha ya mtu aliyelijibu kwa vitendo, tena si mbali nasi, bali huku huku Kaskazini Mashariki, katika mji wa Wajir.

Tonelli alisomea sheria. Angeweza kuwa wakili na kula raha katika nchi yake. Badala yake, hata kabla hajaja Afrika, alitumia miaka sita akiwahudumia maskini na watoto waliotupwa katika mji wake wa kuzaliwa. Mnamo Januari 1969 aliiacha Italia akaja Kenya, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote. Alikuwa Mkatoliki mlei, ambaye chakula chake na dawa za wagonjwa wake vilitegemea michango ya jamaa na marafiki waliobaki Forlì. Mwaka wa 1970 alihamia Wajir, akawa mwalimu katika shule ya upili. Naomba walimu wenzangu walizingatie jambo hilo: huyu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa habari ya hospitali alianza kazi akiwa na chaki mkononi.

Wajir ya wakati huo haikuwa mahali pa mtu kwenda kutafuta umaarufu. Vita vya Shifta vilikuwa vimemalizika miaka michache tu iliyotangulia. Mkoa mzima uliendeshwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi mwaka wa 1991. Wenyeji walikuwa wamejifunza kumwogopa kila mgeni. Mbele ya macho yao Tonelli alikuwa na kasoro zote: alikuwa kijana, na kijana hana neno mbele ya wazee, alikuwa Mzungu, alikuwa Mkristo, na zaidi ya hayo alikuwa mwanamke asiyeolewa wala asiyetaka kuolewa, jambo ambalo katika jamii ya wafugaji lilionekana kuwa ni kichekesho au laana. Watoto walimtupia mawe njiani.

Mtu wa aina hiyo angeanzia wapi? Angeweza kujenga kanisa kubwa na kupaza sauti, au kuitisha mikutano. Yeye alianza na maji. Katika wadi ya wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, watu walilala wakingoja kufa, wametengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukizwa. Hakujua lolote kuhusu utabibu. Lakini nyumba aliyopewa na serikali kwa kuwa ni mwalimu ilikuwa na paa zuri lililokinga maji ya mvua, ilhali visima vya Wajir, kama kila aliyefika huko ajuavyo, hutoa maji ya chumvi. Basi akawa anajaza maji matamu, anakwenda nayo wadini, anamwaga yale ya chumvi yaliyokuwa katika vyombo vya wagonjwa, na kuwatilia yale ya mvua. Wagonjwa hawakumshangilia. Walimwamuru kwa ishara na kumkasirikia kwa uzito wa mikono yake, kana kwamba walitaka amalize upesi aondoke. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Hapo ndipo ninapowasimamisha vijana wangu. Huruma ya kweli haianzi na kile tunachopenda kukitoa, bali na kile ambacho jirani anakikosa. Mgonjwa yule hakuwa amekosa kijitabu wala hotuba. Alikuwa amekosa maji ya kunywa. Na aliyemletea hakudai shukrani, maana huruma inayodai shukrani ni biashara.

Kutoka debe la maji Tonelli aliingia katika jambo kubwa zaidi, nalo lahitaji maelezo kidogo, hasa kwa wanafunzi wa sayansi. Kifua kikuu hutibika, lakini dawa zake ni lazima zinywewe kwa miezi mingi pasipo kukatiza. Mgonjwa akipata nafuu baada ya wiki chache kisha akaziacha, vijidudu vilivyobaki hupata nguvu ya kuzishinda dawa zile zile, na ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Miaka hiyo tiba ilichukua mwaka mzima hata mwaka mmoja na nusu. Je, mfugaji wa kuhamahama, ambaye ngamia wake wanafuata mvua na malisho, angewezaje kukaa katika kitanda cha hospitali muda wote huo? Alitoroka, na aliyemtibu akaandika kwamba wahamaji hawatibiki.

Tonelli alikataa kauli hiyo. Mwaka wa 1976 Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi usimamizi wa mpango wa majaribio wa kuwatibu wahamaji, naye akaugeuza utaratibu mzima. Badala ya kumlazimisha mhamaji awe mtu wa wadi, aliwaruhusu wagonjwa wasimamishe vibanda vyao wenyewe, vya miti na mikeka kama walivyozoea, wakakaa humo kwa muda wa miezi 6, ambao ndio uliotosha kwa dawa mpya za wakati huo. Kila siku kila mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu anayemtazama. Mahali hapo pakaitwa TB Manyatta. Waliodaiwa kwamba hawatibiki wakapona, wakarudi kwa mifugo yao.

Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, ambayo katika nchi jirani ya Tanzania iliendelezwa pia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya Dkt. Karel Styblo, ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuieneza ulimwenguni kote katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mwanafunzi wa Wajir au wa Hagadera anaposoma kwamba maarifa yote hutoka ng'ambo na kuletwa kwetu, na akumbuke kwamba sehemu ya maarifa hayo ilipatikana mchangani, miongoni mwa wafugaji wa Kisomali, kwa sababu kuna mtu aliyekubali kujifunza jinsi wanavyoishi kabla ya kuwafundisha jinsi ya kupona.

Wenzake kadhaa wa kike walimfuata kutoka Italia, wakaishi pamoja naye na kuwahudumia walemavu. Wote walikuwa Wakristo waliosali kwa bidii, na hawakuificha imani yao. Lakini hawakumtaka mtu yeyote aiache yake. Inasimuliwa kwamba kwa miaka ya mwanzo wenyeji waliwasikitikia kwa dhati, wakiona ni hasara kubwa kwamba watu wema kiasi hicho hawataingia peponi kwa kuwa hawakuitamka shahada. Miaka ilipopita, na wenyeji walipokwisha kuona mambo ambayo wageni hao walikuwa tayari kuyavumilia kwa ajili yao, hukumu hiyo ilibadilika, wakaanza kusema kwamba hata hawa watafika. Mimi sijui mahubiri yoyote yaliyowahi kupata ushindi wa namna hiyo.

Msomaji atauliza, je, huruma ni kutibu na kunywesha tu? La. Kuna mtihani mwingine, nao ulimfikia Tonelli mnamo Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 ya mwezi huo, majeshi ya usalama ya Kenya yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa kisingizio cha kutafuta silaha. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Maiti zilitupwa porini. Serikali ilikuja kukiri vifo 57 tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka wa 2013, iliona kwamba huenda waliouawa walikaribia 1,000.

Wakati ambapo watu wengi wenye vyeo walifumba macho, Tonelli alitoka na gari kwenda porini kuwatafuta waliokuwa bado wana pumzi, akawaleta na kuwatibu, na akasaidia kuzikusanya maiti ili zizikwe kwa heshima. Kisha akafanya jambo lililokuwa la hatari kuliko yote: majina ya waliouawa yakaandikwa, picha zikapigwa, na habari hizo zikafika mikononi mwa wageni wa kibalozi, hivi kwamba mauaji hayakuweza tena kufichika. Alitishwa na wakuu wa mahali hapo, ambao, kwa fedheha yetu, walikuwa Wakristo wenzake. Mwaka wa 1985 alilazimika kuondoka nchini mwetu.

Naomba tulitafakari jambo hili bila kupepesa macho. Waliofanya unyama ule walikuwa na majina ya Kikristo kama langu. Aliyewaokoa walionusurika alikuwa Mkristo pia. Mwenyeji wa Wajir aliyeziona sura hizo mbili za dini moja katika wiki moja aliweza kupambanua ipi ni ipi. Na sisi tunaotumwa huku kutoka bara, tuwe walimu, askari au makarani, tunapaswa kujua kwamba tunapimwa kwa mizani hiyo hiyo hata leo. Kumbukumbu ya Wagalla haijafutika. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya dola mnamo Machi 2015, lakini radhi ya dola haiondoi wajibu wa mtu mmoja mmoja kuwa jirani mwema.

Kufukuzwa kwake Kenya hakukumrudisha kwao. Alikwenda Somalia, akafungua huduma ya kifua kikuu huko Belet Weyne. Vita vilipolipuka na serikali ya Siad Barre ikaanguka mnamo Januari 1991, Mogadishu ikageuka uwanja wa mauaji. Ndivyo vita vile vile vilivyowasukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka mpaka, hata kambi za Ifo, Dagahaley na hii yetu ya Hagadera zikafunguliwa kati ya 1991 na 1992. Wakati wazazi wa wanafunzi wangu walipokuwa wakikimbilia huku, Tonelli alikuwa upande ule wa pili, akiwalisha wenye njaa na kuwatibu wagonjwa. Alipigwa, aliibiwa, alitekwa nyara. Baadaye alihamia Merca kwenye hospitali ya kifua kikuu. Mnamo Oktoba 1995, Dkt. Graziella Fumagalli, Mwitaliano aliyeishika kazi hiyo baada yake, aliuawa kwa risasi papo hapo hospitalini.

Mtu mwingine angesema yatosha. Mwaka wa 1996 Tonelli alikwenda Borama, kaskazini-magharibi, akaanzisha hospitali nyingine ya kifua kikuu. Huko alisaidia kuanzisha shule kwa ajili ya watoto viziwi, akawaleta madaktari wa macho kuwapasua waliopofuka kwa mtoto wa jicho, akashirikiana na akina mama waliopinga ukeketaji wa wasichana, na akawapokea wagonjwa wa UKIMWI wakati ambapo jina la ugonjwa huo lilitosha kumfanya mtu afukuzwe kwao. Wapo waliomchukia kwa hilo.

Mwezi Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lile lile ambalo nembo yake iko juu ya mahema na matangi ya maji ya Hagadera, lilimtunukia Tuzo ya Nansen, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika kazi ya wakimbizi, pamoja na dola 100,000. Fedha hizo zilikuwa za hospitali. Miezi michache baadaye, jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003, alipigwa risasi ndani ya ua wa hospitali yake huko Borama, akafariki akiwa na umri wa miaka 60. Mabaki yake yalirudishwa Wajir, mahali ambapo alikuwa amefukuzwa.

Najua wako watakaolisoma hili na kusema kwamba kisa chenyewe kinathibitisha hofu yao: alitenda wema miaka zaidi ya 30, na malipo yakawa risasi. Hoja hiyo siibezi. Mnamo Novemba 2014 watu 28 walitolewa ndani ya basi huko Mandera na kuuawa, na wengi wao walikuwa walimu. Mnamo Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, hapa hapa Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti zetu. Sitamlaumu mwalimu aliyeondoka, kwa kuwa ana mama, ana mke, ana watoto. Ushujaa haulazimishwi kwa waraka, na ulinzi wa walimu ni jukumu la serikali, si la miujiza.

Hata hivyo, kabla hatujafunga hesabu, tuongeze kisa kimoja. Mnamo Desemba 2015 washambuliaji walilisimamisha basi karibu na El Wak, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika. Miongoni mwa waliokataa alikuwa Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata. Sisemi kwamba abiria wale walikuwa wakimlipa Tonelli. Hakuna awezaye kulijua hilo. Ninachosema ni kwamba wema wa ujirani katika nchi hii kavu unapita pande zote mbili, na wenyeji nao wamelipa gharama yake kwa damu. Anayehesabu risasi peke yake amesoma nusu ya ukurasa.

Basi nawajibu vijana wangu hivi. Ikiwa mnataka kuwatendea jirani zenu wa Hagadera huruma, msianze kwa kutafuta kipaza sauti. Tazameni ni nani katika darasa lenu anayekohoa wiki ya tatu sasa, mmwandame mpaka zahanati, kisha muulizie kila siku kama amemeza dawa, kwa miezi yote 6 na si kwa wiki mbili za shauku. Tazameni ni mtoto gani asiyesikia aliyefungiwa hemani kwa aibu. Mkiulizwa mnamwamini nani, jibuni kwa ukweli na adabu, maana imani inayofichwa huzaa shaka kuliko imani inayotajwa. Msipoulizwa, endeleeni kuchota maji. Na siku mtakapoona jirani anadhulumiwa na mtu wa dini yenu au wa kabila lenu, msiseme kwamba hayo ni ya wakubwa; andikeni majina.

Na kwa walimu wenzangu wa madrasa na wa shule za serikali, Waislamu kwa Wakristo, nina ombi moja. Tunawafundisha watoto wetu habari za majemadari na wagunduzi wa nchi za mbali, lakini ni shule ngapi za Garissa, Wajir na Mandera ambamo mtoto anaweza kutaja jina la mwanamke aliyewaponya wahamaji wasioponyeka na kuikatalia dola isifiche maiti za Wagalla? Wahenga walimkaribisha mgeni ili mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na wenyeji kwa hakika walipona. Tukiliacha jina lake lipotee katika mchanga wa Wajir, hasara haitakuwa yake. Itakuwa ya watoto tunaowafundisha, ambao watakua wakidhani kwamba katika sehemu hizi dini hukutana kwa bunduki tu.